Jaketi la kujiokolea: je, linakutosha, mama?

Tunaandika kutoka huku kwetu Chinongwe, wilayani Ruangwa. Mwezi huu tunaacha kidogo habari za uji wa lishe na homa za watoto, ili tuzungumze juu ya vazi moja ambalo wengi wetu tunaoishi mbali na bahari hatulijui vizuri. Wengine huliita boya, wengine jaketi la kujiokolea. Mtauliza, mama anayelima korosho na ufuta ana haja gani na vazi la majini? Nasi tulidhani hivyo.

Mwaka jana umoja wetu wa wanawake ulialikwa kwenye sherehe ya kanisa ng'ambo ya Lindi, upande wa Kitunda. Tuliteremka kwa gari kupitia Nyangao na Mtama, na pale Lindi tukapanda mashua ya mota. Ni pale mto Lukuledi unapoingia baharini. Mwendo si mrefu, ng'ambo unaiona kwa macho. Kijana wa mashua akatugawia majaketi kutoka kwenye lundo kama mtu anayegawa sahani harusini: la kwanza kwako, la pili kwa jirani yako.

Mama mmoja wa kwaya, mwenye kifua kikubwa, alishindwa kufunga. "Dada nesi, hili linanibana pumzi," akasema, akaliweka mapajani. Bibi mmoja mwembamba alipewa lililomzidi, akajifunika nalo kama blanketi. Na mama mwenye mtoto wa miezi mitano alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akavaa jaketi juu yao wote wawili. Tulipomwambia amtoe mtoto, mzee mmoja abiria akatutuliza: "Acheni tu wanangu, ni mwendo mfupi." Katikati ya maji upepo ukachafuka kidogo. Hakuna aliyeanguka, tunamshukuru Mungu, lakini sisi tuliokaa nyuma tuliona nyuso.

Siku ya kurudi tulimwomba yule kijana aturuhusu tujaribu majaketi ufukweni. Yule bibi mwembamba akaingia maji ya kifuani, akakunja magoti. Jaketi lilipanda juu, likamfunika masikio na mdomo, na yeye akabaki chini yake akikohoa. Tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza. Alikuwa amesimama mahali anapofika chini kwa miguu, na tulikuwa pembeni yake kumshika.

Wengi wetu tulikuwa bado shuleni MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996. Mwaka 2011 ikafuata Spice Islander kati ya Unguja na Pemba, na mwaka 2012 MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kabisa kufika Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa, na nchi kavu ilikuwa inaonekana. Kwa hiyo lile neno "mwendo mfupi" tuliweke pembeni. Na jaketi halitibu chombo kilichojazwa kupita kiasi. Ukiona watu wamejaa mno, mama, shuka.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Mwili wa binadamu majini hubebwa na maji kwa sehemu kubwa. Mtu mzima huhitaji nyongeza ya kilo 3 hadi 5 na ushee tu ili kichwa kibaki juu. Mama wa kilo 90 asiogope kwamba hakuna jaketi la kumbeba. Ndani ya jaketi zuri kuna kibandiko chenye namba: 50, 100 au 150. Namba hizo ni nguvu ya kuelea kwa kipimo cha nyutoni, na ukigawanya kwa kumi unapata kilo kwa kukadiria. La 50 ni la anayejua kuogelea na msaada uko karibu. Sisi tusiojua kuogelea tutafute la 100 kwa maji yaliyotulia, na 150 kwa bahari wazi. Kibandiko pia husema uzito wa mvaaji. Kwenye meli kubwa, jaketi la mtu mzima huwa ni la kilo 43 na kuendelea, la mtoto kilo 15 hadi 43, na la mtoto mchanga ni la chini ya kilo 15.

Lakini namba nzuri haisaidii kama vazi halikushiki. Vaa, funga zipu na mikanda yote, kisha kaza ya ubavuni. Inua mikono juu. Mwenzako asimame nyuma, ashike mabega ya jaketi na kulivuta juu. Likifika kidevuni au masikioni, ni kubwa au hukulikaza. Kaza tena au badilisha. Kisha kaa chini uvute pumzi ndefu. Likikuzuia kupumua, nalo si lako, kwa sababu tunajua utalifungua njiani.

Hapa ndipo sisi wanawake tunapopata taabu. Majaketi mengi yameshonwa kwa kifua bapa. Mwenye kifua kikubwa likimbana huliacha wazi, na lililo wazi huponyoka kichwani mara mtu anapogusa maji. Yako yaliyokatwa kwa umbo la kike: kifuani yana vipande vilivyogawanywa ili yafuate mwili, kwapani yana nafasi pana, na urefu wake huishia kiunoni. Kama hakuna, chukua lenye mikanda mingi ya ubavuni badala ya zipu peke yake. Mjamzito afunge mkanda mmoja juu ya tumbo na mwingine chini yake, asikandamize tumbo lenyewe.

Kwenye mitumba tumeyaona mengine mazuri sana, mepesi, yenye rangi za kupendeza. Hayo ni ya wanawake wanaocheza mchezo wa kuteleza juu ya maji huku wakivutwa na boti. Ni ya starehe kweli kuvaa. Lakini yalitengenezwa kwa mtu ambaye boti yake inamwona na itageuka kumchukua mara moja. Hayana kola ya kushika kichwa, wala hayakukusudiwa kumgeuza aliyezimia atazame juu. Tena mengine ni ya kukinga mbavu tu na kuelea kwake ni kidogo. Soma kibandiko kabla ya kulipa, na kama kimekatwa, usinunue. Rangi nayo iwe ya chungwa, nyekundu au njano. La bluu baharini nani atakuona? Filimbi iliyofungwa kwa kamba ni bora kuliko sauti yako.

Tahadhari nyingine: fundi cherehani asikushonee jaketi la sponji ya godoro. Sponji ya godoro hunywa maji, ile ya jaketi hainywi. Kata kipande, kitumbukize kwenye ndoo, kikandamize, kisha kitoe ukiminye. Kikitoa maji, rudisha kwenye godoro. Majaketi ya zamani yalijazwa sufi, hii hii ya misufi yetu, ndani ya mifuko ya plastiki. Mfuko ukitoboka, sufi nayo hulowa na kuzama.

Juu ya mtoto wa mgongoni tunasema kwa mkazo, maana tunaliona sana. Jaketi zuri humgeuza mama alale chali ili uso utazame juu. Fikiri basi mtoto wa mgongoni atakuwa wapi. Atakuwa chini ya maji, amefungwa kwa kitenge, chini ya uzito wa mama yake. Usimfunge mgongoni, wala usimweke ndani ya jaketi lako. Avae lake mwenyewe, lenye kola nyuma ya kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu lisimponyoke. Likikosekana na safari haiepukiki, mpakate mbele, mikononi, nje ya jaketi lako, bila kumfunga kwa kitu.

Na khanga jamani! Jaketi huvaliwa juu ya nguo zote, usifunge khanga juu yake kwa ajili ya jua. Kitenge cha kiunoni kikilowa hunasa miguu. Kilegeze fundo kiasi cha kufunguka kwa mkono mmoja, na chini uvae kaptula au suruali ya heshima ili aibu isikuzuie kukiacha kiende.

Majaketi yasikaliwe wala kulaliwa, sponji hukandamizika na kupoteza nguvu. Yakilowa maji ya chumvi yasuuzwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini.

Umoja wetu ulichangishana, na sasa tuna majaketi 6 ya watu wazima yanayoning'inia kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, kila moja tumeliandikia kipimo kwa wino mzito. Yule bibi mwembamba ana lake, na haruhusu mtu kuligusa. La mtoto wa chini ya kilo 15 bado tunalitafuta. Kwa sasa mwenye kichanga tumemwomba asubiri Lindi mjini wenzake wanapovuka, na mmoja wetu hubaki naye.