Siku ya Mapumziko Iwe Moja kwa Baba na Mama



Mvua ndefu zianzapo, tangu Machi hata Mei, kazi zote za huku kwetu huja kwa mkupuo mmoja. Chai huchipua upesi, na aliyekuwa akichuma nusu kikapu wakati wa jua la Januari sasa hujaza na kurudia. Mahindi yataka kupandwa, na yakiisha kupandwa magugu hayangoji mtu. Pasaka huingia, shule hufungwa mwezi wa Aprili, wageni huja. Na kazi hizi zote, isipokuwa chai yenyewe, hungojea siku ile moja ambayo mfanya kazi hayuko kazini.

Kwa kijana asiye na mke hayo si neno. Kwa wazee ambao watoto wao wamekwisha kukua, pia si neno kubwa. Lakini yule mwenye mtoto wa mwaka mmoja au miwili, aliyeanza kutembea wala hajajua moto ni nini, kwake siku ya mapumziko ndiyo ngumu kuliko siku za kazi. Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Basi neno langu katika ukurasa huu ni moja tu. Mume na mke wanaofanya kazi kwa tajiri mmoja, nao wana mtoto asiyefika miaka 3, wapewe siku moja ya mapumziko, yaani siku ile ile kwa wote wawili. Naomba chama chetu kilichukue jambo hili na kulipeleka mezani pamoja na mambo ya mishahara.

Najua wako watakaocheka. Watasema: watu wanapigania shilingi, mashine za kuchuma zinakula kazi zetu, na huyu aleta habari za watoto kutambaa. Nawaomba wasome hata mwisho, kisha waseme.

Tutazame kwanza jinsi mambo yalivyo. Hapa Chepseon na mashamba ya jirani, wengine twaishi katika nyumba za kambi, wengine tumepanga vyumba senta, wengine tuna vishamba vyetu. Mara nyingi mke ni mchumaji na mume yuko kiwandani, au dereva, au mlinzi. Mchumaji hupumzika Jumapili, ikiwa majani hayakuzidi. Mtu wa kiwandani hufanya kazi kwa zamu, kwa kuwa wakati wa mvua kiwanda hakizimwi usiku wala mchana. Siku yake ya kupumzika huenda ikawa Jumanne juma hili na Ijumaa juma lijalo. Basi nyumba ina siku mbili za mapumziko, lakini haina hata siku moja ambayo baba na mama wako pamoja na mtoto wao.

Matokeo yake ni nini? Jumapili mama yuko peke yake. Nguo za juma zima zimelowa, na jua hutoka saa mbili tu kabla ya mvua ya alasiri. Kuni za kutafuta, maji ya kuteka, mahindi ya kupalilia, kanisa, soko. Mtoto yuko mgongoni au miguuni. Akimweka chini, atakwenda kwenye sufuria ya chai ya moto, au kwenye pipa la maji, au barabarani ambako trekta la majani hupita. Akimfunga mgongoni, hawezi kuinama kwenye magugu. Jumatatu asubuhi arudi kwenye chai akiwa amechoka kuliko alivyoondoka Jumamosi, nasi sote twalipwa kwa kilo. Uchovu ule waonekana kwenye mizani.

Baba naye Jumanne yuko nyumbani. Mke yuko kazini, mtoto yuko kwenye nyumba ya kulelea watoto au kwa jirani. Baba alala kidogo, kisha hana la kufanya, kisha aenda senta. Wake zetu hulalamika kuwa siku ya mapumziko ya baba huishia kwenye chupa. Sisemi kuwa wote ni hivyo. Nasema kwamba mtu aliyepewa siku ya kukaa peke yake huitumia kama mtu aliye peke yake.

Na mzigo unaobaki humwangukia nani? Humwangukia dada mkubwa wa mtoto. Aprili yuko nyumbani, hapana shida. Mei shule hufunguliwa, na mvua bado zaendelea, na chai bado ni nyingi. Hapo ndipo msichana wa miaka 9 au 10 huambiwa akae nyumbani siku mbili tatu alee. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema mzazi hana budi kumpeleka mtoto shule. Sisi twajua sheria hiyo, lakini mzazi aliyebanwa hafikirii sheria. Hufikiria nani atamshika mdogo.

Sasa tuitazame haki yenyewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 27, yasema kila mfanya kazi ana haki ya kupumzika siku moja, isipungue, katika kila siku 7. Sheria haikutaja Jumapili, na yafaa hivyo, kwa maana wenzetu wengine kanisa lao ni Jumamosi. Kifungu cha 29 chatoa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mama na majuma 2 kwa baba, yote kwa mshahara kamili. Tena mama hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu alijifungua. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yaagiza mahali pa kunyonyeshea kazini, na nafasi ya kunyonyesha mbali na saa ya kula.

Haki hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1886 wafanya kazi wa Marekani, huko Chicago na miji mingine, waligoma wakidai saa 8 za kazi kwa siku, na watu wakafa. Ndiyo asili ya sikukuu yetu ya tarehe 1 Mei. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la mataifa lilipitisha mapatano juu ya siku ya kupumzika katika juma, lakini yalikuwa ya watu wa viwandani. Watu wa mashamba makubwa, yaani chai, mkonge, kahawa, miwa, waliandikiwa mapatano yao wenyewe mwaka 1958, na humo ndimo siku ya mapumziko yao ilimotajwa. Miaka 37 nzima mtu wa kiwandani alikuwa na maandishi na mtu wa shambani hakuwa nayo! Kwa hiyo mkisikia kwamba jambo la mapumziko ni dogo, ulizeni mbona lilichukua miaka mingi hivyo.

Lakini angalieni sheria zetu zilivyokatika katikati. Zamtazama mama aliyejifungua, hata miezi 3. Zamtazama baba, hata majuma 2. Zamtazama anayenyonyesha. Kisha mtoto aanza kutembea, na hapo sheria yanyamaza. Tangu mtoto ajuapo kusimama hata aingiapo shule ya chekechea, mzazi hana lake ila ile siku moja katika 7. Ndiyo sababu nasema siku hiyo ipangwe vema.

Yuko atakayejibu kwa niaba ya tajiri: majani hayangoji. Ni kweli, wala mchumaji hahitaji kufundishwa. Majani mawili na chipukizi lake yakikawia shambani yakomaa na kuwa magumu. Yakiisha kuchumwa, lazima yafike kiwandani siku ile ile, yanyaushwe, yakatwe, yaachwe yageuke rangi, yakaushwe. Yakilala kwenye magunia yachemka na kuharibika. Hatusemi kiwanda kifungwe Jumapili, wala hatusemi chai iachwe ikomae.

Twasema jambo jepesi kuliko hilo. Zamu za kiwandani huandikwa na karani juu ya karatasi kila juma. Mtu fulani hupangiwa Jumanne na mwingine Jumapili. Kubadilisha majina mawili hakumgharimu tajiri senti moja. Idadi ya watu kazini ni ile ile, kilo ni zile zile, moto wa tanuru ni ule ule. Na ikiwa Jumapili haiwezekani kwa mtu wa kiwandani, basi mkewe mchumaji apewe Jumatano pamoja naye, achume Jumapili ile ambayo majani yamezidi. Akubali mwenyewe tu, asilazimishwe.

Tena siku ya katikati ya juma ina faida yake. Kliniki nyingi za watoto hufanya kazi siku za juma, si Jumapili. Wazazi wengi huzishika vizuri chanjo za majuma 6, 10 na 14, maana mama yungali katika likizo au ametoka juzi. Ya miezi 9 hukawia. Ile ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18, ndiyo hupotea kabisa, kwa kuwa mtoto anacheza, ana afya, na mama hataki kupoteza kilo za siku nzima kwa ajili ya sindano moja. Kadhalika matone ya vitamini A ya kila miezi 6, na dawa ya minyoo. Baba na mama wakiwa na Jumatano moja, mmoja apeleka mtoto kliniki na mwingine apalilia mahindi. Saa tano asubuhi kazi mbili zimekwisha.

Sasa neno kwa wanaume wenzangu, maana haifai kumlaumu tajiri peke yake. Siku hiyo ikipatikana, isiwe siku ya mama kufanya kazi na baba kumtazama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wauona mwepesi kwa sababu hukuubeba. Jaribu kushinda na mtoto wa mwaka mmoja na nusu tangu asubuhi hata jioni, umpikie uji, umwoshe, umzuie na moto, ndipo utajua kwamba kuchuma chai ni afadhali. Zamani mtoto alikuwa na nyumba nzima: bibi, shangazi, binamu. Leo kwenye chumba cha kupanga hapo senta hakuna bibi. Yuko Bomet, au Kisii, au ng'ambo ya Nyando. Bibi hayupo, basi wa kushika nafasi yake ni baba, hapana mwingine.

Wala si hasara kwa baba. Wakipsigis humwita mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua Kiprop, na wa kike Cherop. Huku kwetu mvua ni nyingi, na majina hayo ni mengi. Yasikitisha kwamba mvua ile ile iliyompa mtoto jina ndiyo imwondoayo baba yake nyumbani, hata mtoto akimwona alia kama aonaye mgeni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na usipomlea kabisa, atakua kwa namna asiyoijua mtu.

Kwa hiyo naweka mbele ya tawi letu mambo haya manne:

1. Katika mapatano yajayo na matajiri, kiandikwe kifungu kuwa mume na mke walio kazi moja, wenye mtoto asiyefika miaka 3, wapewe siku moja ya mapumziko, kwa kuomba wenyewe.

2. Siku ambazo wachumaji huitwa kazini ingawa ni siku yao ya kupumzika, nyumba ya kulelea watoto ifunguliwe na mlezi awepo na kulipwa. Chai ikifanya kazi Jumapili, na nyumba ya watoto ifanye kazi Jumapili.

3. Wajumbe wa chama kazini waulize kila baba aliyepata mtoto kama amechukua majuma yake 2. Haki isiyoombwa hufa.

4. Wachumaji wanaofanya kazi kwa wenye mashamba madogo, ambao hawana karatasi wala zamu iliyoandikwa, wafundishwe kwamba hata wao sheria yawahusu, wapatane na mwenye shamba juu ya siku ya kupumzika kabla ya mvua kuanza, si katikati ya mvua.

Hayo yote hayaongezi gharama kubwa. Yule atakayeyakataa atakuwa amekataa kwa sababu nyingine, nasi tutaijua. Mashine ya kuchuma haina mtoto, wala haiombi Jumatano. Sisi tu watu, na tukitaka kuhesabiwa kuwa watu lazima tudai mambo ya watu, pamoja na mambo ya kilo.

Mkutano wa tawi ukiitwa, njoni na wake zenu, na watoto waje. Wakilia katikati ya hotuba, itakuwa ushahidi mzuri kuliko maneno yangu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Umoja ni nguvu.

Mwanachama mwenzenu, Chepseon.