KIANGAZI CHA ULAYA: AENDE MWENYE KESI

Kila mwaka, Julai na Agosti, vijana wa sheria kutoka pembe zote za dunia hukusanyika The Hague, Uholanzi. Huko kuna Jumba la Amani, lililofunguliwa mwaka 1913 kwa fedha za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani. Katika uwanja wake mna Mahakama ya Kimataifa, na mna Chuo cha Sheria ya Mataifa kilichoanza kufundisha mwaka 1923. Masomo ya kiangazi huchukua majuma machache tu, kwa Kiingereza na Kifaransa. Vijana wa Afrika nao huenda.

Juu ya safari hizo wako ndugu wanaobishana. Mmoja asema: "Sheria hiyo ni ya mkoloni. Ndiyo iliyoweka kanuni za kutunyakua kule Berlin, mwaka 1884 na 1885, bila Mwafrika mezani. Tutajifunza nini kwa mwizi?" Wa pili asema: "Waacheni vijana waende wakaone dunia." Wote wawili wamekosea, na wa pili amekosea zaidi.

Twamjibu wa kwanza. Aliyeibiwa kwa hati hawezi kurudishiwa mali yake kwa kukataa kusoma. Mkoloni alilijua hilo. Ndiyo sababu serikali zake hapa Afrika Mashariki hazikupenda kumlipia Mwafrika masomo ya sheria: wakili Mwafrika machoni pake alikuwa mchochezi. Na ndiyo sababu Tanganyika ilipofungua chuo kikuu Dar es Salaam, Oktoba 1961, kitivo cha kwanza kilikuwa cha Sheria, nacho kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka uliofuata, 1962, Serikali ikaziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba nchi huru ya Tanganyika haifungwi na mapatano ya maji ya Nile ya mwaka 1929. Hayo hayakufanywa kwa kelele. Yalifanywa kwa sheria ya mataifa ile ile.

Sasa tumgeukie wa pili. Novemba 1960, Ethiopia na Liberia ziliishitaki Afrika Kusini The Hague kwa ubaguzi wake katika nchi ambayo leo ni Namibia. Afrika ikangoja karibu miaka sita. Tarehe 18 Julai 1966, katikati ya kiangazi, hukumu ikatoka. Kura zilikuwa 7 kwa 7, na Rais wa mahakama, Percy Spender wa Australia, akapiga kura ya uamuzi. Mahakama ikasema Ethiopia na Liberia hazikuonyesha kuwa zina haki ya kisheria katika jambo lile. Haikusema ubaguzi ni halali wala haramu. Ilifunga mlango tu.

Na aliyeongoza hoja za Afrika alikuwa nani? Mwanasheria wa Marekani, Ernest Gross. Hatumlaumu, alifanya kazi aliyopewa. Twajilaumu wenyewe, kwa kuwa bara zima lilipigwa kofi kwa lugha ya wanasheria, na waliopigwa walioielewa lugha hiyo walikuwa wachache. Mtumai cha nduguye hufa maskini.

Sasa tazameni tofauti. Mwaka 1971 mahakama ile ile ilitamka kuwa Afrika Kusini imo Namibia kinyume cha sheria. Tarehe 25 Februari 2019, kwa kura 13 kwa 1, ilitoa maoni kwamba Uingereza ina wajibu wa kuondoa utawala wake visiwani Chagos upesi iwezekanavyo. Safari hiyo Umoja wa Afrika ulisimama wenyewe kutoa hoja, akiwemo Namira Negm wa Misri, mwanasheria wa Umoja huo. Hakuna aliyefika pale kwa kuona dunia.

Basi shauri letu ni hili. Fedha za umma zisimpeleke Ulaya kijana anayetaka cheti cha kutundika ukutani na picha mbele ya jumba la Carnegie. Aende mwenye kesi. Mpaka wetu na Malawi katika Ziwa Nyasa haujatatuliwa: huo ni kesi. Mikataba ya madini ambayo kampuni za kigeni hutaka migogoro yake iamuliwe Ulaya: hiyo ni kesi. Kabla ya kuondoka aandike swali analokwenda kulitafutia jibu. Akirudi aandike jibu, tena kwa Kiswahili, maana tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na maneno ya kazi hiyo hayatatungwa The Hague.

Asiyeweza hivyo na aende kwa nauli ya baba yake; hatumzuii.

Wanachama, ulizeni katika mikutano yenu: nani amepelekwa, kwa kesi gani, na amerudi na nini? Na ninyi vijana mnaofunga masanduku, kumbukeni: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tuko ngamani, tunangoja jibu.