Waliofukuzwa Uwanjani Nao ni Historia

Mwaka jana nilikuwa Ufaransa katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Familia iliyonipokea ilinichukua kwenda kuona magofu ya Warumi kusini mwa nchi hiyo. Tulisafiri kwa gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Tulianzia Orange, tukapita Pont du Gard na Nîmes, tukafika Arles. Tulipochwewa ndipo palipokuwa nyumbani.

Arles kuna uwanja wa michezo uliojengwa mwishoni mwa karne ya kwanza, uliochukua watazamaji wapatao 20,000. Juu ya kuta zake imesimama minara mitatu. Mwenzetu mmoja alinung'unika kwamba minara hiyo si ya Kirumi, na inaharibu picha. Kauli hiyo ndiyo ninayoipinga.

Minara hiyo ilikuwa minne. Ilijengwa Enzi za Kati, wakati wakazi walipokuwa wameugeuza uwanja kuwa ngome. Humo ndani kulikuwa na nyumba zaidi ya 200 na makanisa madogo mawili. Watu walizaliwa, wakaoana na kuzeeka humo kwa karne nyingi kuliko zile ambazo Warumi waliutumia kwa mapigano yao. Kisha, katika miaka ya 1820, ikaamuliwa kwamba magofu yana thamani kuliko makazi. Nyumba zikatwaliwa na kubomolewa. Mwaka 1830 uwanja ulipokuwa wazi, shughuli ya kwanza ilikuwa mbio za mafahali za kusherehekea Wafaransa kuiteka Algiers. Wenyeji wameondolewa, na mahali pao panasherehekewa kutekwa kwa mji wa Waafrika!

Najua nitajibiwa kwamba bila kubomoa tusingeuona uwanja. Lakini nani aliyezifanya kuta zile zisimame hadi karne ya 19? Ni watu walioishi ndani yake, waliozihitaji ziwalinde. Na hata tukikubali kwamba kubomoa kulikuwa lazima, je, kuwasahau nako kulikuwa lazima?

Sisi tuliofika na nyumba yetu juu ya magurudumu hatukuuliza nyumba za wenzetu zilikwenda wapi. Mimi pia sikuuliza. Niliyajua haya maktabani, baada ya kurudi, na niliona aibu, kwa sababu natoka Kisoro. Mwaka 1991, Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa, Batwa waliondolewa katika misitu ya mababu zao. Leo mgeni hulipa fedha nyingi kuwaona gorila, akirudi kwao husifu msitu usioguswa na binadamu. Nikisikia hivyo hukasirika. Kumbe Arles nami nilikuwa mgeni wa aina hiyo hiyo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Arles mwenyeji aliondolewa kwanza, ndipo mgeni akaja.

Walimu wetu, mkitutahini kuhusu magofu, msituulize tu nani alijenga na mwaka gani. Tuulizeni pia nani aliishi hapo baadaye, na nani alimwondoa. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkibahatika kufika Arles, ipigeni picha minara ile. Ndiyo ushahidi uliobaki kwamba uwanja ule ulikuwa nyumbani kwa watu.