Kisanduku Kilichofichwa na Afya Yetu

Kuna mchezo mmoja wa matembezi ambao tungependa uletwe Rungwe, maana tunaona ndani yake faida ya afya. Ni mchezo wa kutafuta kisanduku cha barua kilichofichwa. Hatusemi sanduku la Posta. Hiki ni kisanduku kidogo chenye daftari na muhuri, kinachofichwa kando ya njia ya miguu.

Asili yake ni Uingereza. Mwaka 1854 James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni katika nyika ya Dartmoor, aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool ili waliofika waweke humo kadi zenye majina yao. Baadaye watembeaji walianza kuacha barua, na aliyefuata alizichukua akazipeleka posta. Siku hizi aliyeficha hutoa maelekezo, pengine kwa kitendawili. Mtafutaji akikipata kisanduku, hupiga muhuri wake katika daftari la humo, na muhuri wa kisanduku katika daftari lake, kisha hukirudisha palepale.

Mtu atauliza: je, Mnyakyusa naye afundishwe kutembea? Swali ni la haki. Mama anayepanda na kushuka vilima na mkungu wa ndizi kichwani, au anayechuma chai tangu asubuhi, anahitaji kupumzika, si kuongezewa mwendo. Sisi tunawasemea wengine: mwenye duka anayeketi kutwa, karani wa ofisini, dereva, na wale ambao hata kwenda sokoni Tukuyu huita bodaboda. Shinikizo la damu mara nyingi halimpi mtu dalili yoyote, mpaka siku anapopatwa na kiharusi. Kisukari nacho chaweza kukaa mwilini miaka bila kujulikana. Kutembea kwa bidii husaidia kushusha shinikizo la damu, na huusaidia mwili kutumia sukari.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku 5. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Wengi wamelisikia shauri hili zahanati, na wengi hawalifuati, kwa sababu kutembea bila safari huonekana kama kazi ya mtu asiye na kazi. Hapo ndipo kisanduku kinaposaidia: kinampa mtu safari.

Mahali pa kuanzia ni Ziwa Masoko, karibu na Tukuyu. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walizamisha fedha humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo habari ya kitu kilichofichwa si ngeni pale. Ngosi nako kunapendeza, lakini njia yake inapanda sana ndani ya msitu, na mvua ikinyesha huteleza. Anayeanza asianzie huko.

Tungependa mambo haya yazingatiwe:

Kwanza, kisanduku kiwekwe juu, mbali na maji. Kingo za maziwa yetu ya volkano ni kali, na mchezo usiwe sababu ya mtoto kuzama. Watoto waende na mtu mzima.

Pili, kisifichwe ndani ya shimo wala pango. Anayeingiza mkono asipopaona aweza kuumwa na nyoka.

Tatu, kiwe cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, maana mvua ya Rungwe haina huruma kwa daftari.

Nne, serikali ya kijiji iombwe ruhusa kwanza, na mti usikatwe.

Tano, mwenye ugonjwa wa moyo, au anayebanwa na kifua akipanda mlima, amwone mganga kabla ya kuanza. Na anayemeza vidonge vya shinikizo au kisukari asiviache kwa sababu ameanza kutembea.

Gharama ni ndogo: daftari, kalamu, muhuri na kopo. Walimu na vikundi vya vijana wanaweza kuanza na kisanduku kimoja. Lakini vijana wasiende peke yao. Wawachukue na baba na mama zao wanaoketi kutwa dukani, maana hao ndio wenye kuhitaji zaidi safari hiyo.