Usingoje Mambo Yatulie Ndipo Umtumikie Mungu

Januari imeingia, na wengi wetu tulitoka kwenye mkesha wa tarehe 31 tukiwa na nadhiri mdomoni: "Pasta, mwaka huu namtumikia Bwana." Amina. Lakini muulize ndugu ataanza lini. Acha kwanza nimpeleke mtoto Gredi ya 10. Acha bonasi ya majani chai iingie. (Na bonasi yenyewe, mpendwa, huwa tunaitazamia Oktoba!) Acha nipate kazi Nairobi nitulie.

Fungua Hagai sura ya 1. Hawa walikuwa watu wa mwanzo mpya kabisa, wametoka uhamishoni Babeli, wamerudi kwao. Msingi wa hekalu uliwekwa, kisha kazi ikasimama kwa zaidi ya miaka 15. Hawakumkataa Mungu. Walisema tu wakati bado, na huku nyumba zao zimepigwa mbao vizuri! Sasa angalia tarehe, maana wengi tunaziruka. Nabii alisema siku ya 1 ya mwezi wa 6. Siku ya 24 ya mwezi huohuo watu walikuwa kazini. Mavuno yalikuwa yangali mabaya na pesa zilikuwa zingali hazikai mfukoni. Walianza hivyo hivyo.

Kwa maoni yangu, nadhiri isiyo na kazi wala siku ni salamu tu. Na kazi si lazima iwe maikrofoni. Nikiuliza nani anataka kutumika, timu ya kusifu na kuabudu inajaa siku hiyohiyo, na darasa la watoto linabaki kutafuta mwalimu.

Niseme jambo moja gumu. Oktoba 2021, hapa Marani, kina mama wanne wazee waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Marani si mbali, na Gusii yetu ina kanisa kila kona. Nikikumbuka habari hiyo najiuliza: mama mzee anayeishi peke yake, ni nani humtembelea? Chukua mama ambaye kila Alhamisi vijana wa kanisa wanampelekea kuni, wanaketi naye, wanaomba naye, wanakula chakula alichopika kwa mkono wake. Kijiji kizima kinaona. Ni vigumu sana kumzushia mtu kama huyo. Soma Yakobo 1:27 ukimfikiria jirani yako kwa jina. Hiyo ndiyo huduma, na haihitaji bonasi.

Nanyi mnaopanda basi kurudi Nairobi, Nakuru na Mombasa, wokovu haubaki Keroka. Jumapili ya kwanza huko tafuta kanisa, mwone mchungaji, mwambie unachoweza kufanya. Usikae kiti cha nyuma hadi Desemba ndipo uje kutushuhudia nyumbani.

Jumapili hii kutakuwa na daftari mlangoni. Usiandike "nitamtumikia Mungu". Andika jina lako, kazi moja, na siku ya juma utakayoifanya. Ukurasa wa kuwatembelea kina mama wazee tayari una majina mawili, yote ya akina dada. Wanaume wa Mungu, nafasi zipo, na kuni ni nzito.