Nani Kasema Msanii Lazima Ateseke? Muvi Zimewadanganya Watu vya Kutosha

Weka muvi yoyote inayohusu maisha ya msanii, kaa na bisi zako, halafu hesabu. Utoto wa shida: upo. Baba asiyemwelewa mtoto: yupo. Usiku mmoja wa ajabu ambao wimbo mzima unamshukia kichwani kama mvua: upo. Kisha zinakuja hela, zinafuata pombe, unafuata unga, na mke analia mlangoni huku begi liko mkononi. Mwisho jamaa anakufa, au anapanda stejini akiwa hoi, ukumbi mzima unasimama kupiga makofi, na maandishi meupe yanapita kwenye kioo cheusi. Watu wanafuta machozi na kusema, "Dah, yule ndiye alikuwa msanii."

Sasa hapo ndipo penye tatizo. Mtu ametazama saa mbili za ulevi, ugomvi na machozi, na dakika tano hivi za kazi. Akitoka hapo anaamini ulevi ndio ulioleta kazi.

Huo ni uongo. Na ni uongo unaoua watu.

Tuanze na mtoto wa Mji Mkongwe

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Muvi yake, Bohemian Rhapsody, ilitoka 2018, ikaingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani na kubeba Oscar nne. Bongo nzima ilijivunia, "Yule ni wa kwetu!" Sawa, ni wa kwetu. Lakini stori iliyouzwa pale ina mafundo.

Kwenye muvi, Freddie anasaini dili la kutoa albamu peke yake na wenzake wanachukulia ni usaliti. Bendi inasambaratika. Yeye anazama kwenye starehe na watu wabaya. Halafu anarudi kwa wenzake akiwa mnyonge, anajua ana virusi vya UKIMWI, anawaambia kwenye mazoezi, wanakumbatiana, wanaenda kuwasha moto Live Aid pale Wembley, Julai 1985.

Inaliza kweli. Ila haikuwa hivyo.

Queen hawakuwa wamevunjika. Walitoa albamu 1984, na mwanzoni mwa 1985 walikuwa bado barabarani wakipiga shoo, ikiwemo ile ya Rio. Na kuhusu huo "usaliti" wa albamu ya peke yake: mpiga ngoma wao, Roger Taylor, alishatoa albamu zake mbili kabla ya Freddie kutoa ya kwake. Hakuna aliyelia. Kuhusu ugonjwa, mwenza wake Jim Hutton alieleza kwamba Freddie alipata majibu mwaka 1987, yaani miaka miwili baada ya Live Aid.

Waliotengeneza muvi waliuhamisha ugonjwa wa mtu, wakausogeza miaka miwili nyuma, ili shoo ipate uchungu. Kana kwamba kuimba vizuri vile mbele ya uwanja uliofurika hakutoshi mpaka mwimbaji awe anaelekea kufa.

Siri ya siku ile ni ya kawaida mno. Kila bendi ilipewa dakika kama 20. Queen wakakaa chini, wakachagua nyimbo ambazo kila mtu anazijua, wakazikata, wakafanya mazoezi kwa kupima muda mpaka seti ikakaa sawa. Wasanii wengine walifika wakipiga wanavyojisikia. Queen walifika kama mafundi.

Halafu wangapi wametoka kwenye ile muvi wakijua kwamba Freddie alisomea sanaa ya michoro kule Ealing, London, na kwamba nembo ya Queen aliichora yeye? Au kwamba wote wanne kwenye ile bendi walikuwa watunzi wa vibao? Hayo siyo machozi, kwa hiyo hayauzi.

Mwalimu wa makofi

Muvi nyingine inayopendwa na kila anayejiona mpambanaji ni Whiplash ya 2014. Mwalimu wa muziki anamrushia mwanafunzi kiti, anamzaba makofi mbele ya wenzake, anamtukania wazazi. Mwigizaji aliyecheza mwalimu huyo, J. K. Simmons, akapewa Oscar. Mtaani na mtandaoni vipande vyake vinasambazwa kama mawaidha: "Bila kuumizwa hutoboi."

Mwalimu huyo anajitetea kwa hadithi ya mpiga saksafoni Charlie Parker. Anasema Parker alipokuwa kijana aliboronga stejini, mpiga ngoma Jo Jones akamrushia toazi nusura amkate kichwa, na aibu hiyo ndiyo iliyomfanya awe Parker.

Waliokuwepo walisimulia tofauti. Toazi lilitupwa chini, miguuni pake, kumwambia muda wake umeisha. Ilikuwa aibu, ndiyo, lakini hakuna aliyetaka kumkata mtu kichwa. Na kilichomjenga Parker ni kilichofuata: kiangazi cha 1937 alienda kupiga na bendi huko milimani, nje ya Kansas City, akachukua na santuri za Lester Young, akazisikiliza na kuzirudia mpaka vidole vikaelewa. Hiyo sehemu ya santuri na vidole ndiyo shule yenyewe. Kwenye Whiplash haimo.

Parker ana muvi yake pia, Bird ya 1988, iliyoongozwa na Clint Eastwood. Unga, pombe, giza, mvua. Ni kweli Parker alikuwa teja. Alikufa 1955 akiwa na miaka 34, na daktari aliyeukagua mwili alimkadiria zaidi ya miaka 50. Ila kuna jambo la kukaa nalo hapa: vijana wengi wa jazi wa wakati ule walianza unga wakiamini ndio unaompa Parker ile sauti. Parker mwenyewe alilikana hilo waziwazi. Alisema anayedai anapiga vizuri zaidi akiwa amelewa, anadanganya. Wapo waliomsikia. Sonny Rollins aliacha unga miaka ya 1950, akapiga saksafoni yake zaidi ya nusu karne baada ya hapo.

Sasa pima mwenyewe. Teja aliyekufa na miaka 34, na mzee aliyeacha akapiga mpaka akazeeka. Muvi inamchagua nani?

Na mwanamke je?

Mwanamke kwenye muvi hizi ana nafasi mbili tu: kulia mlangoni au kuwa kichaa.

A Star Is Born imetengenezwa mara nne Marekani: 1937, 1954, 1976 na 2018. Mara zote nne dada anapanda, kaka analewa na kuporomoka, na ukiangalia vizuri kilele cha stori siyo mafanikio ya dada. Ni kifo cha kaka. Black Swan ya 2010 inamchukua mcheza balei na kusema ili acheze vizuri lazima akili iruke. Kwenye Pollock ya 2000, Lee Krasner ni mke anayevumilia mume mlevi anayechora. Marcia Gay Harden alipata Oscar kwa kumwigiza, na alistahili. Lakini Krasner naye alikuwa mchoraji mzito, na aliendelea kuchora karibu miaka 30 baada ya mume kufa kwa ajali akiendesha gari amelewa. Muvi inaishia pale mume alipoishia.

Kisha kuna Johanna, shemeji yake Vincent van Gogh. Dunia nzima inamjua Vincent: sikio, huzuni, bastola, 1890, miaka 37. Kirk Douglas alimwigiza kwenye Lust for Life ya 1956 na wengine wamefuata. Lakini Vincent aliishi kwa hela aliyotumiwa na mdogo wake, Theo. Theo naye alipofariki miezi michache baadaye, mjane wake Johanna akabaki na mtoto mchanga na nyumba iliyojaa picha ambazo hakuna aliyezitaka. Ndiye aliyezipeleka kwenye maonyesho, akauza kidogo kidogo kwa akili, akapanga barua na kuzichapisha. Bila huyo mama, Vincent angekuwa jina kwenye jiwe la kaburi.

Na ule ugonjwa? Vincent alipozidiwa hakuweza kufanya kazi. Alichora katika vipindi alivyopata nafuu. Ugonjwa ulimwibia siku. Haukumpa picha.

Hapa mjini inafanyaje kazi

Mtu atasema, "Acheni hizo, ni burudani tu." Ingekuwa burudani tu, isingekuwa inatumika kama mkataba.

Promota anapomwita dogo apige shoo ya bure kwa sababu "utapata jina," anaegemea hadithi hii hii: msanii husota kwanza. Hadithi hiyo haisemi kwamba mwenye ukumbi, mlinzi, muuza bia na mwenye spika wote wanalipwa usiku huo huo. Anayesota ni mmoja tu, yule aliyewaleta watu.

Meneja anapomwona msanii wake macho mekundu, mikono inatetemeka, hamtafutii daktari. Anasema, "Mwacheni, wasanii ndivyo walivyo." Wiki ijayo kuna shoo. Ikizushwa stori kwamba jamaa kapotea njia, inageuzwa kiki, wimbo unapanda.

Staa anapompiga mwenzake ndani, mashabiki wanajaa mtandaoni kumtetea: ana msongo, ana kipaji, watu wenye vipaji ni wagumu kuishi nao. Fundi bomba akifanya hivyo hivyo anaitwa jina lake halisi, mpiga wanawake. Hakuna anayesema mabomba yamempa msongo.

Na kila mtaa una yule kaka. Vibao viwili vikali, redio zote, kisha kimya. Siku hizi anaonekana kituo cha daladala, kakonda, anaomba mia tano. Watu wanampiga picha kwa kificho. Siku akifa, kila simu itaweka picha yake ya zamani, yenye shati jeupe na miwani, na maneno ya "Pumzika legendi." Waliokaa kimya miaka yote ndio watakaoandika marefu zaidi. Walishafundishwa na muvi kwamba sehemu hiyo ndiyo tamu.

Kulikuwa na mfano nyumbani

Edward Saidi Tingatinga alitoka Kusini, Tunduru, akaja Dar kutafuta maisha kama wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta ya kawaida, juu ya vipande vya ubao mwembamba wa mraba, na kuuza maeneo ya Oysterbay. Wateja walipoongezeka hakujifungia chumbani kuongea na mizimu. Aliita ndugu na vijana wa karibu, akawafundisha. Huyu anapaka msingi, yule anajifunza chui. Kazi ya watu, inayolisha watu.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine. Akafa, baada ya miaka michache tu ya kuchora. Wanafunzi wake wakaendelea, wakaunda umoja, na mpaka leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani.

Hollywood wakiamka kesho kutengeneza muvi yake, kila mtu anajua itakuwaje. Risasi itakuwa mwanzo, katikati na mwisho. Wale vijana waliokaa kwenye viti vifupi wakijifunza kuchora chui watapita nyuma ya kamera kama wapita njia. Wakati wao ndio sababu jina halikuzikwa.

Basi watu walewe kimya kimya?

Hapana, na hakuna anayeomba muvi za wasanii malaika. Parker alijidunga kweli. Pollock alikunywa kweli. Kuficha hayo nako ni uongo. Tatizo ni mpangilio: muvi inaweka chupa kwanza, kazi ikafuata, na jicho la mtazamaji linaunganisha lenyewe. Ukweli uko kinyume. Hawa watu walifanya kazi kubwa pamoja na maradhi yao, na maradhi yakawakatisha kazi hiyo mapema.

Muvi nzuri ya msanii ingeonyesha mazoezi ya mara ya arobaini. Ingemwonyesha mpiga besi akiuliza hela yake iko wapi. Ingeonyesha msanii akisoma mkataba ukurasa wa tatu, akikataa kusaini, akienda kusajili nyimbo zake COSOTA huku jua linawaka. Ingeonyesha mtu akisema "nimezidiwa, nipelekeni hospitali," na wenzake wakaahirisha shoo. Kama hilo haliwezi kumliza mtazamaji, basi mtazamaji ameharibiwa, na waliomharibu wanajulikana.

Mpaka siku hiyo ifike, kuna jambo dogo ambalo kila mtu anaweza kulifanya bila kuwa na kamera. Yule kaka wa kituo cha daladala bado yupo hai. Nyimbo zake mbili bado watu wanazijua kwa moyo. Wadau, nani kati yenu amewahi kumuuliza amekula?