Mbio za Buffalo na nafasi ya anayetembea

Mjadala kuhusu mbio za kifamilia za asubuhi ya sikukuu hauna budi kuutaja mji wa Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani, ambako mbio ziitwazo Turkey Trot, yaani mbio za batamzinga, ndege ambaye ndiye kitoweo kikuu cha Siku ya Shukrani inayoadhimishwa Alhamisi ya nne ya Novemba, zilianza mwaka 1896 zikiwa na wakimbiaji 6 tu, miezi michache kabla ya Marathoni ya Boston kuanzishwa mwezi Aprili 1897. Mwandalizi wake ni YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, na umbali wake ni takribani kilomita 8.

Ukongwe huo ni wa heshima, lakini thamani kubwa zaidi imo katika namna maelfu ya washiriki wanavyochanganyika barabarani, mwanariadha anayewania muda bora akifuatwa na mzazi anayetembea na mwanawe, na wengine wakivaa mavazi ya batamzinga, kwa kuwa hapo mazoezi ya mwili huwa shughuli ya ukoo mzima kabla ya mlo wa mchana. Kwa sababu hiyo, waandaaji wa mbio za aina hii, popote walipo, wanaombwa wasiufunge mstari wa kumalizia wala kuondoa maji njiani kabla watembeao polepole, hasa wazee na watoto, hawajafika.